Nilimjibu Mzee kwa Haraka: Niliyojifunza Kuhusu Waliokufa Kabla ya Kristo

Swali lililostahili kunitoa jasho liliponifikia, sikutoka hata tone. Jibu nilikuwa nalo mdomoni tayari, na hapo ndipo nilipoharibu.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu wa ukatekista. Darasa langu lilikuwa la watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, kumi na wanne kwa hesabu, na zilibaki wiki chache tu kufika Mkesha wa Pasaka. Somo la siku hiyo lilikuwa ulazima wa ubatizo. Nilikuwa nimeandika ubaoni Yohana 3:5, kwamba mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu, nikapiga mstari chini ya neno "hawezi". Nilijiona ninafundisha kwelikweli.

Mzee mmoja aliyekuwa amevuka miaka sabini, ambaye sikuzote alikaa kiti cha jirani na mlango kwa sababu magoti yalimsumbua, akainua mkono.

"Mwalimu, Yesu amezaliwa juzijuzi tu, miaka elfu mbili. Watu walikuwepo tangu zamani. Wao walikwenda wapi?"

"Mzee wangu, Maandiko yako wazi. Bila ubatizo hakuna kuingia."

"Kwa hiyo wako motoni."

"Ndiyo hivyo, mzee."

Nikaugeukia ubao, nikaendelea na somo. Yeye akafunga daftari lake, akachomeka kalamu mfukoni, akakaa mpaka mwisho wa kipindi kwa adabu yake ileile. Tulipoagana alinipa mkono kama kawaida. Wiki iliyofuata kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Iliyofuata tena, kitupu. Pasaka ikafika, wakabatizwa kumi na watatu.

Ningependa kusema kwamba niliumia siku ileile. Sikuumia. Nilijiambia mzee amechoka, au magoti yamemzidi. Kilichonishtua ni kijana wa darasa lilelile, mwanafunzi wa biolojia, aliyenifuata baada ya Pasaka na kuniuliza kama nilikuwa nimefanya hesabu. Binadamu wa aina yetu, akaniambia, wapo duniani kwa takriban miaka 300,000. Wataalamu wa idadi ya watu wanakadiria kuwa waliowahi kuzaliwa tangu mwanzo ni kama bilioni 117, na karibu nusu yao walizaliwa kabla ya Kristo. "Mwalimu, wewe umewapeleka wote hao motoni kwa maneno mawili."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye. Usiku nikagundua kwamba hasira yenyewe ilikuwa ni woga.

Nikaanza kusoma, na nikaanza vibaya. Nilitafuta mstari mmoja wa Biblia utakaolimaliza jambo. Ndugu unayesoma haya, usipoteze miezi kama nilivyopoteza mimi: mstari huo haupo. Iko mistari mingi, kila mmoja umeshika kipande, na ukiung'ang'ania mmoja utamtukana Mungu kwa huo mmoja. Mimi niling'ang'ania Yohana 3:5. Nikaongezea na ule msemo kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, bila kujua ulitoka wapi. Ni wa Sipriano, askofu wa Karthago aliyeuawa mwaka 258, na alikuwa akigombana na watu waliokuwa wamejitenga na Kanisa huku wakilijua. Hakuwa akizungumza habari za mtu aliyekufa miaka elfu moja kabla ya Bethlehemu. Nilikuwa nimechukua fimbo ya ugomvi wa watu wengine nikampigia mzee wangu.

Kilichonifungua macho kilikuwa mdomoni mwangu siku zote. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume tunasema Yesu alisulubiwa, akafa, akazikwa, akashukia kuzimu. Nilikuwa nimeikariri tangu utoto, na sikuwahi kujiuliza alikwenda kuzimu kufanya nini.

Hapa nitakawia kidogo, kwa maana nusu ya mkanganyiko wetu inatoka kwenye lugha. Kiswahili kina maneno mawili, kuzimu na jehanamu, na katika mahubiri tumeyasaga yakawa unga mmoja. Lakini kuzimu limebeba "mzimu" ndani yake. Ni makao ya wafu, basi, wema na waovu. Ndilo neno wafasiri wetu walilolitumia kwa kile Waebrania walichokiita sheoli na Wagiriki wakakiita hadesi. Yakobo alipoletewa kanzu ya Yosefu yenye damu, alisema atamshukia mwanawe kuzimu akiomboleza. Yakobo, baba wa makabila kumi na mawili! Hakuwa akitangaza kwamba anakwenda motoni. Jehanamu ni neno jingine kabisa, limetokana na bonde la Hinomu lililokuwa pembeni ya Yerusalemu, na Yesu alilitumia kwa adhabu ya mwisho. Mzee aliponiuliza "Kwa hiyo wako motoni?" jibu sahihi lingeanzia hapo: mzee wangu, Biblia inasema walikwenda kuzimu, na kuzimu si lazima pawe motoni. Hata katika mfano wa tajiri na Lazaro, Luka 16, maskini yuko kifuani mwa Abrahamu anafarijiwa, tajiri anateseka, na kati yao kuna shimo kubwa. Wafu hawakutupwa wote kwenye chungu kimoja.

Ukilitoa fundo hilo, mistari mingine inaanza kupumua. Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anasema Kristo alikwenda kuzihubiria roho zilizokuwa kifungoni, za watu waliokuwa wakaidi siku za Nuhu. Sura ya 4 anasema Injili ilihubiriwa hata kwa waliokufa. Nilipofika hapo niliruka juu. Nikadhani nimepata dawa.

Na hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza kwa jinsi nilivyolitangaza. Niliingia darasa jipya nikawafundisha kwamba Yesu siku ya Jumamosi Kuu alishuka akavunja milango ya jehanamu, akawatoa wote, hakubaki mtu. Nikasimulia kwa mbwembwe: Shetani na Kuzimu wakibishana nani amruhusu huyu kuingia, milango ya shaba ikipasuka, Adamu akishikwa mkono, na yule mwizi wa msalabani akiwasili peponi na msalaba wake begani. Darasa lilinisikiliza kimya. Hakuna siku niliyosikilizwa vile.

Masimulizi hayo nilikuwa nimeyatoa kwenye maandishi ya kale yanayoitwa Injili ya Nikodemo. Si sehemu ya Biblia. Ni kitabu cha apokrifa, kizuri kwa kuonyesha Wakristo wa zamani walivyowaza, lakini mimi niliwasomea watu kama vile ninasoma Luka. Mmoja akaenda kumuuliza padre ni sura ya ngapi.

Padre aliniita. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Aliniondoa kwenye ufundishaji kwa miezi minne akanipa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile ya mwaka 1992, akaniambia nisome kuanzia namba 632 hadi 637, kisha nirudi nikamweleze kwa maneno yangu. Namba 633 ilinikata ngebe: Yesu hakushuka ili kuwakomboa waliolaaniwa wala kuibomoa jehanamu, bali kuwafungua wenye haki waliomtangulia. Neno "wenye haki" sikuwa nimelipa nafasi. Katika jibu langu la kwanza nilimhukumu kila mtu, katika la pili nikamsamehe kila mtu, na mara zote mbili nilikuwa nimekikalia kiti kisicho changu.

Miezi ile minne ilinigharimu. Baadhi ya wanafunzi wangu walidhani nimefukuzwa kwa uzushi, na mmoja aliacha kunisalimu. Lakini kama nisingesimamishwa nisingesoma.

Jambo la kwanza nililolikuta ni kwamba swali la mzee ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Yustino, aliyeuawa kwa ajili ya imani huko Roma karibu mwaka 165, aliandika kumtetea Kristo mbele ya kaisari wakati ilipokuwa imepita kama miaka 150 tu tangu kuzaliwa kwake. Tayari watu walikuwa wakimuuliza: je, waliotangulia? Yustino akajibu kwamba Kristo ni Neno ambalo kila taifa la wanadamu limeshirikishwa, na walioishi kwa kulifuata Neno hilo ni Wakristo, hata kama waliitwa wasiomcha Mungu. Akawataja kwa majina: kwa Wagiriki Sokrates na Heraklito, kwa wengine Abrahamu na Eliya. Sikuamini macho yangu. Mwanafalsafa aliyekufa karne nne kabla ya Yesu, shahidi wa Kanisa anamwita Mkristo!

Miaka michache baada ya Yustino, mpinzani wa Ukristo aitwaye Kelso aliliuliza swali hilohilo kwa kejeli: ina maana baada ya karne zote hizo ndipo Mungu akakumbuka kuwashughulikia wanadamu, na kabla yake hakujali? Kama miaka mia moja baada ya Yustino kuandika, Origene wa Aleksandria akamjibu Kelso kwamba hapakuwa na wakati ambao Mungu hakutaka watu waishi kwa haki. Katika kila kizazi Hekima yake iliziingia nafsi njema na kuzifanya rafiki wa Mungu. Anaegemea Kitabu cha Hekima, 7:27. Nilipenda kwamba hakukasirika. Alilichukua swali la adui kama swali.

Wala wakubwa hawakukubaliana kila kitu. Agostino alipoulizwa na askofu mwenzake Evodio kuhusu zile roho za kifungoni, alikiri kwamba mahali hapo pa Petro panamtatiza sana, akapendekeza maana nyingine: kwamba Kristo kwa Roho yake alihubiri kupitia Nuhu, zama zilezile za Nuhu. Kwa hiyo ukiona mtu anakupigia kelele kwamba 1 Petro 3:19 iko wazi kama mchana, muulize kama anamzidi Agostino.

Baada ya hao nikakutana na ukurasa ulionitisha. Mwaka 1442 Mtaguso wa Firenze, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulitangaza kwamba hakuna aliye nje ya Kanisa, wakiwemo wapagani, atakayeshiriki uzima wa milele. Nikampelekea padre nikidhani nimemnasa. Akaniambia nitazame tarehe. Waandishi wale, alisema, waliona ulimwengu kana kwamba Injili imekwisha kusikika kila mahali, na kwamba asiyeamini amekataa. Nusu karne baadaye, mwaka 1492, Ulaya ikagundua kwamba kuna mabara mazima ambayo hayajawahi kulisikia jina la Yesu, na wanateolojia kama Francisco de Vitoria wakaanza kusema kwa sauti kwamba asiyesikia hawezi kuhesabiwa dhambi ya kukataa. Tomaso wa Akwino alikuwa tayari amefungua mlango karne mbili kabla ya hapo. Alifundisha kwamba kama kuna watu wa mataifa waliookolewa bila kufunuliwa habari za Kristo, hawakuokolewa bila Mpatanishi, kwa maana walimwamini Mungu anayewaokoa wanadamu kwa njia azijuazo mwenyewe, na imani ya Kristo ilikuwa imefichwa ndani ya imani hiyo. Mlango huo ukafunguliwa kabisa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, namba 16, inasema wasiomjua Kristo bila kosa lao, wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri kwa msaada wa neema, wanaweza kupata wokovu. Gaudium et Spes ya mwaka uliofuata, namba 22, inaongeza kwamba Roho anawapa wote nafasi ya kushirikishwa fumbo la Pasaka kwa namna anayoijua Mungu.

Kwa namna anayoijua Mungu. Niliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu la kufundishia. Bado yapo.

Kulikuwa na fundo moja ambalo halikunifungukia kwa mitaguso. Neema itafanyaje kazi kabla ya msalaba? Mtu hawezi kupona kwa dawa ambayo haijatengenezwa. Hili lilinisumbua kama wiki tatu, mpaka siku nilipokuwa nikisali Salamu Maria bila hata kuwaza jambo hilo. Sisi Wakatoliki tunakiri, na Papa Pius IX alilitangaza mwaka 1854, kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili tangu kutungwa kwake kwa kutazamia mastahili ya Yesu Kristo. Yaani msalaba ulimfikia Maria miaka mingi kabla haujasimikwa. Kama uliweza kurudi nyuma hadi kwa Maria, nani amewekea mipaka safari yake? Na Waebrania 11 ndiyo hiyohiyo: Abeli, Henoko, Nuhu, watu ambao hawakuwa na torati, hawakuwa hata Waisraeli, wote wanahesabiwa haki kwa imani. Wote hawa, anasema mwandishi, walikufa hawajazipokea ahadi, ila waliziona kwa mbali wakazishangilia.

Nilizungumza na watu wa nje ya Kanisa langu pia, na nawashauri mfanye hivyo kabla ya kuropoka. Mchungaji mmoja wa Kilutheri alinieleza kwamba kwao kushuka kuzimu ni tangazo la ushindi juu ya Shetani, ndivyo walivyoliweka katika maungamo yao ya mwaka 1577, nao huonya mtu asichunguze sana ilikuwaje. Rafiki Msabato aliniambia wafu wamelala, hawajui neno lolote, Mhubiri 9:5, kwa hiyo kuuliza wako wapi sasa ni kuuliza swali lisilo na mahali pa kusimama, wanangoja ufufuo. Jirani yangu Mwislamu ndiye aliyenishangaza. Alisema swali hilo limo ndani ya Kurani yenyewe, Sura Taha, aya ya 51, na anayeliuliza ni Firauni: vipi hali ya vizazi vya kwanza? Musa anajibu kwamba ujuzi wa habari zao uko kwa Mola wake katika Kitabu, naye hapotei wala hasahau. Akanieleza pia kwamba wanazuoni wao wana jina kabisa la watu walioishi kati ya mtume na mtume bila kufikiwa na ujumbe, watu wa fatra, na kwamba katika Sura ya 17, aya ya 15, Mwenyezi Mungu anasema haadhibu mpaka apeleke mtume. Kisha akacheka. "Hata Musa hakujibu kwa haraka, wewe ulikuwa na haraka gani?"

Nilicheka naye, kisha nikakumbuka ni kwa nini nilikuwa nimeanza kusoma. Mzee. Miezi mingi ilikuwa imepita na sikuwa nimekwenda kumwona. Nilikuwa nimesoma karne ishirini za wanateolojia kwa ajili ya mtu ambaye sijamwambia samahani.

Nilikwenda na begi la vitabu. Hilo nalo lilikuwa kosa, mtaona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umepotea."

Nikasema mimi ndiye niliyempoteza yeye. Nikaomba radhi, nikaanza kutoa vitabu, nikaanza na Yustino. Akaniacha niseme labda dakika kumi. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kitabu nilichokuwa nimekifungua.

"Mwanangu, mimi sikuuliza habari za hao Wagiriki. Nilikuwa nauliza habari za mama yangu."

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Wahubiri walikuja kwao baadaye. Yeye mwenyewe aliwasikia kwa mara ya kwanza akiwa kijana. Nikajaribu kusema kwamba mama yake hakuishi kabla ya Kristo, aliishi karne ya ishirini. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu.

"Kwake yeye Yesu alikuwa hajazaliwa."

Nimelifikiria neno hilo zaidi ya yote niliyoyasoma. Ukristo haukuanza tarehe moja kwa watu wote. Unaanza kwa kila mtu siku unapomfikia, na kuna watu wanaozaliwa na kufa leo ambao kwa maana hiyo ni watu wa enzi za Abrahamu. Lumen Gentium ilikuwa imesema karibu jambo hilohilo na mimi sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nasoma nipate kushinda hoja.

Nikarudisha vitabu kwenye begi. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao: sijui mama yako yuko wapi, na aliyekwambia anajua, yaani mimi, alisema jambo asilolijua. Ninachojua ni kwamba anayemhukumu ndiye yule ambaye Abrahamu alithubutu kumuuliza usoni, kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki. Ninajua Yesu alisema watu wa Ninawi na yule malkia wa kusini, wote wa mataifa, watasimama siku ya hukumu. Na hawatasimama kama washtakiwa. Watawashtaki waliosikia wakapuuza. Akaniuliza kama anaweza kumwombea. Nikamwambia katika Sala ya Nne ya Ekaristi padre huwaombea waliokufa katika amani ya Kristo, halafu anaendelea na kuwaombea wafu wote ambao imani yao Mungu peke yake aliijua.

"Hiyo wanaisoma kila Jumapili?"

"Hapana, mzee. Mara chache. Padre huchagua."

"Basi mwambie achague."

Kwa wenzangu wanaofundisha, mambo machache ambayo ningetamani mtu angeniambia mapema. Swali hili likija, usijibu kabla ya kuuliza: "Unamfikiria nani?" Tangu siku ile nimeulizwa mara nyingi, na mara chache mno mtu alikuwa anamfikiria Sokrates. Alikuwa anamfikiria bibi yake, au mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa, au ndugu. Tenganisha kuzimu na jehanamu siku ya kwanza kabisa, kabla hata hawajauliza. Chora ubaoni kama inabidi. Usiseme "wote" katika upande wowote. Na usiogope kusema Kanisa halijatoa orodha ya walio motoni, kwa maana kweli halijatoa. Limetoa orodha ya watakatifu tu. Ukipata picha ile ya Ufufuko ambayo Waorthodoksi huichora, ipeleke darasani. Iko moja maarufu katika kanisa la zamani la Chora, Istanbul, ya mwanzoni mwa karne ya 14. Kristo amesimama juu ya milango iliyovunjika, vitasa na funguo vimetapakaa gizani chini yake, anawavuta Adamu na Eva kutoka makaburini. Waonyeshe anavyowashika. Hawakushikana viganja. Amewakamata kwenye vifundo vya mikono, kama unavyomtoa mtu asiye na nguvu ya kukushika. Mimi nikishaonyesha hapo huwa sina la kuongeza.

Wapo watakaokuuliza: kama wasiosikia wanaweza kuokoka, kwa nini tuhubiri? Niliulizwa na katekista mwenzangu kwa ukali, akiona nimelegeza imani. Jibu langu mpaka leo ni dhaifu kidogo, nakiri. Kwamba mtu anaweza kuvuka mto usiku bila taa si sababu ya kumnyima taa. Yeye hakuridhika. Tumebaki marafiki.

Mzee alirudi darasani mwaka uliofuata, kiti kilekile cha mlangoni. Kosa langu lilimchelewesha ubatizo kwa mwaka mzima, na katika umri wake mwaka si kitu cha kuchezea. Kila alipokohoa darasani nilishtuka. Mkesha wa Pasaka ulipokaribia tulikwenda naye ofisini kuandikisha. Katibu akauliza jina la ubatizo.

"Melkisedeki," akasema mzee.

Katibu akainua macho. "Hilo tunaliandikaje, mzee wangu?"

Akamtamkia silabi moja moja. Nilikuwa nimewasomea darasani habari za kuhani huyo aliyembariki Abrahamu kabla hakujakuwa na Israeli, ambaye Waraka kwa Waebrania unasema hana baba wala mama, na ambaye hutajwa altareni katika Sala ya Kwanza ya Ekaristi baada ya Abeli na Abrahamu. Sikujua kama mzee alikuwa akisikiliza siku ile; alikuwa amefumba macho.

"Jina la baba?" Akataja.

"Jina la mama?"

Mzee akanitazama kwanza mimi. Kisha akalitaja, taratibu, na kabla katibu hajaanza kuandika akalirudia ili asilikosee.